Mshumaa Tulioangusha Beni

Ninyi vijana mnaoshika chaki mwaka huu katika shule zetu za Butembo mmeniomba niwaandikie namna ya kufundisha fizikia bila labo, yaani bila maabara. Nimekubali haraka mno. Mwalimu aliyestaafu haombwi mara mbili, na mkichoka kunisoma mtajilaumu wenyewe.

Ningeweza kuwaandikia majaribio ishirini. Nitawaandikia moja, la mshumaa unaoanguka, kwa sababu ndilo lililonitua mzigo niliokuwa nao moyoni kwa miezi mitano. Mzigo wenyewe nitausema mapema ili msihangaike. Niliamini kwamba nimemharibia mtu maisha kwa biki, kalamu nyekundu ya kusahihishia. Mtu huyo ni mwanafunzi wangu wa zamani, anaitwa Katungu, na siku hizi anakaa Beni. Nilionana naye mwezi uliopita, na tangu siku hiyo usingizi wangu umerudi.

Tuanze na labo, maana najua mnalia juu ya labo. Yetu ilikuwa kabati moja lenye kufuli bila ufunguo. Ndani yake kulikuwa na mizani isiyo na mawe yake, sumaku iliyochoka hata haikuweza kuinua sindano, na kipimajoto kilichoonyesha joto lilelile mvua ikinyesha au jua likiwaka. Kwa hiyo nilijifunza kubisha hodi jikoni. Makopo ya maziwa, chupa za mayonezi, sirinji zilizosafishwa, mipira ya ndani ya magurudumu ya baiskeli, hivyo ndivyo vilikuwa vyombo vyangu, na mke wangu alizoea kuja kutafuta sufuria yake shuleni.

Siku moja nilitaka kuonyesha nguvu ya hewa inayotuzunguka. Unachemsha maji kidogo ndani ya kopo la bati, unalitoa motoni, unalifunga, unalimwagia maji baridi, nalo linajikunja mbele ya macho ya watoto. Siku hiyo nilikuwa nasema sana, nikalifunga likiwa bado motoni. Kifuniko kilitoka kwa dirisha kikatua uani, karibu na kiti alichokuwa amekalia mkuu wa shule, ambaye kwetu tunamwita prefe. Prefe alikileta mwenyewe darasani, akakiweka mezani, akatoka. Basi shikeni hilo: toa motoni kwanza, funga baadaye. Na kila jaribio lifanyeni nyumbani kabla ya kulileta mbele ya watoto hamsini.

Kazi hii sikufundishwa na chuo. Chuo kilinipa karatasi. Aliyenifundisha ni mzee Musubao, mwalimu wa fizikia niliyemkuta Beni nilipoanza, mtu mfupi, mwenye suruali iliyojaa vumbi la chaki hata siku za Jumapili. Musubao alikuwa na daftari nene, na ukurasa wa mwisho wa daftari hilo aliuita ukurasa wa sijui. Mwanafunzi akiuliza jambo ambalo yeye hakulijua, alifungua ukurasa ule mbele yake, akaandika swali, akaandika na jina la aliyeuliza, polepole, kama karani wa kanisa anayeandika jina la mtoto mchanga.

Mimi nilikuwa kijana mwenye tai. Nikamwuliza kama haoni haya kukiri mbele ya watoto kwamba hajui.

"Haya ya nini?" alisema. "Mutoto akiona jina yake ndani ya kitabu ya mwalimu, kesho atarudia na swali ingine. Na ukimuambia kama iko bongo, uongo tu, mais kumbe ni weye hapana jua, ile siku umefunga mulango."

Nilimwiga. Nilipohamia Butembo nilikuwa na ukurasa wangu wa sijui kwa miaka mingi. Kisha akaja inspekta mmoja kututembelea, akafunua daftari langu hadi mwisho, akacheka mbele ya prefe: mwalimu gani huyu anayeweka orodha ya ujinga wake. Usiku ule niliuchana ukurasa. Sikuuchana kwa hasira, niliuchana kwa aibu, ambayo ni mbaya zaidi. Katungu aliingia darasani kwangu mwaka uliofuata.

Alikuwa msichana wa mwaka wa pili wa sekondari, mwenyeji wa Kasugho, huko msituni magharibi mwa Lubero. Wazazi wake walikuwa wakulima na watu wa kanisa, wakamtuma Butembo kukaa kwa shangazi yake ili asome. Hakuwa msemaji. Alikaa karibu na dirisha, na akiandika aliinama hadi pua ikagusa karatasi.

Mwisho wa mwaka niliwapa swali ambalo ninyi pia mtalitoa, maana liko katika programu: chora mwali wa mshumaa, eleza kwa nini unachongoka kuelekea juu. Jibu mnalijua. Hewa ikipata joto inatanuka na kuwa nyepesi. Hewa baridi, ambayo ni nzito zaidi, inaingia chini yake na kuisukuma juu. Mkondo huo ndio unaouvuta mwali na kuuchonga ncha, na rangi ya njano mnayoiona ni masizi madogo sana yanayong'aa kwa joto. Katungu aliyaeleza hayo yote vizuri. Angeishia hapo ningempa pointi zote. Lakini aliongeza mistari miwili chini. Aliandika kwamba ameona kwa macho yake mshumaa uliokuwa ndani ya kopo la kioo ukianguka kutoka etaji, ghorofa ya juu ya nyumba ya shangazi, na kwamba ulipokuwa hewani mwali haukuwa na ncha tena. Ulikuwa mviringo, mdogo, wa bulu.

Kesho yake nilimsimamisha mbele ya wenzake.

"Nani aliona pamoja na weye?"

"Nilikuwa peke yangu, Prof."

"Na ile kopo iko wapi?"

"Ilipasuka."

"Donc, shahidi hapana, kopo hapana. Inabakia nini?"

Darasa likacheka, na mimi nilifurahi kwamba limecheka. Nikachukua biki nyekundu, nikakata jibu lote, hata sehemu iliyokuwa sahihi, nikaandika neno moja kwa herufi kubwa: UONGO. Sifuri. Nikawaambia watoto kwamba fizikia si hadithi za jikoni, mimi ambaye vyombo vyangu vyote vilitoka jikoni.

Sasa sikilizeni mahali penye uchungu. Mwaka ule wa pili ndio mwaka wa kugawanywa, watoto wanapangiwa sehemu watakazosoma hadi diploma. Katungu aliomba math-physique, hesabu na fizikia. Sifuri yangu ilimwangusha chini ya pointi zilizotakiwa, pointi chache tu, na katika kikao cha walimu mwenzangu mmoja aliuliza kama hatuwezi kumwangalia tena. Nilisema hapana. Nilisema mtoto mwongo hafai kwa sayansi. Akapelekwa ushonaji, coupe et couture, na mimi nikatia sahihi. Mwaka uliofuata alikwenda shule nyingine yenye sehemu hiyo, sikumwona tena, wala sikumkumbuka sana. Niseme kweli, nilimsahau.

Miaka ikapita, mimi nikastaafu. Jirani yangu hapa Butembo anaitwa Saidi, ni msafirishaji, Mwislamu mwenye asili ya Beni, ana lori linalokwenda Beni hadi Eringeti kuchukua kakao na kushusha bidhaa. Jioni akiwa nyumbani tunakaa barazani kwake tukibishana juu ya kila kitu isipokuwa dini, kwa sababu juu ya dini tulishachoka. Siku moja alinipa simu yake.

"Prof, tazama hawa batu," akasema. "Bako huko juu kabisa, kwa ile nyumba yao yenye inazungukaka dunia. Banawasha moto. Mais moto yenyewe, angalia. Sawa mbegu ya maharagi."

Nikaangalia. Katika giza la kioo kile kulikuwa na mwali mdogo, mviringo, wa bulu, umetulia bila ncha. Saidi alikuwa akicheka. Mimi nilirudisha simu, nikaomba maji.

Saidi alidhani nimeshikwa na presha. Nilikuwa nimemwona msichana ameinama, pua juu ya karatasi.

Nitawaeleza fizikia yenyewe kwa kifupi, maana wanafunzi watawauliza. Wale watu wa angani si kwamba dunia imeacha kuwavuta. Wanaanguka, wao na nyumba yao, wanaanguka kuizunguka dunia bila kuifikia. Kitu kinachoanguka pamoja na chombo chake hakionyeshi uzito ndani ya chombo hicho. Pasipo uzito, hakuna hewa nzito wala nyepesi. Hewa ya moto haina sababu ya kupanda, inabaki palepale imeuzunguka utambi, na mwali unakuwa tufe kwa sababu hakuna upande unaouvuta. Hewa mpya inaufikia polepole, ikijipenyeza, ndiyo maana mwali unakuwa dhaifu, masizi yanapungua, njano inaondoka na bulu inabaki. Haya yote yalikuwa katika vitabu nilivyofundishia, kipande huku na kipande kule. Chute libre, kuanguka huru, niliifundisha mwezi wa kumi na mwali niliufundisha mwezi wa tano. Sikuwahi kuviweka pamoja. Mtoto wa miaka kumi na nne aliviweka pamoja.

Hata hivyo nilijitetea. Nikajiambia kwamba hiyo ni huko angani, labda kopo linaloanguka kutoka etaji ni jambo lingine. Nikaamua kujaribu. Na nitakiri mbele yenu kwamba katika majuma yale ya kujaribu nilikuwa natamani, kwa nusu ya moyo wangu, kuona Katungu amekosea.

Sasa andikeni.

Tafuteni kasha la mbao linalofunga vizuri, ndani yake liwe giza. Upande mmoja funga kopo la kioo lenye kifuniko, la mayonezi linafaa, na ndani ya kopo bandika kipande kifupi cha mshumaa, utambi umekatwa uwe mfupi kama punje ya mchele. Upande wa pili funga simu, kamera ikitazama kopo, umbali wa kiganja kimoja na nusu, ukikaribia zaidi picha inakuwa ukungu. Weka simu irekodi kwa ile namna ya kupunguza mwendo, ralenti. Zamani zangu hii haikuwezekana, jicho la mtu haliwezi kuona vizuri jambo la chini ya sekunde moja, na ninyi mna bahati. Ongeza mawe chini ya kasha. Kasha jepesi linashikwa na hewa na halianguki sawasawa. Chini weka godoro, mawili yakipatikana.

Mara ya kwanza nililisukuma kasha kwa mikono, likageuka hewani, mshumaa ukamwaga nta yote juu ya kioo. Kwa hiyo usisukume. Ning'iniza kwa kamba, ngoja litulie, kata kamba kwa mkasi. Mara ya pili nilikuwa nimetoboa matundu kwenye kifuniko ili mshumaa upumue, na upepo wa kuanguka ukauzima. Kwa hiyo usitoboe. Lakini kopo lililofungwa lina hewa kidogo, una kama nusu dakika tu kabla mshumaa haujafa wenyewe.

Nusu dakika hiyo ndiyo iliyoniponza mara ya tatu. Niliomba ruhusa kutumia etaji ya nyumba ya shule ya Jumapili ya kanisa letu. Shemasi mmoja alikuwa tayari ana mashaka na mimi, kwa sababu sisi Waprotestanti hatuna kazi na mishumaa kanisani, na alikuwa ameniona nikinunua mishumaa kila juma. Aliniuliza kwa upole kama nimehamia kwa Wakatoliki. Nikamweleza, akafurahi sana, akaja kushuhudia. Nikawasha, nikafunga kopo, nikafunga kasha, nikashika mkasi.

"Prof," shemasi akasema, "tunaanza kazi bila kuomba?"

Mnajua kwetu. Hakuna mtu wa Butembo anayeweza kujibu swali hilo kwa hapana. Tukafumba macho. Shemasi aliombea jaribio, akaombea shule, akaombea njia ya Beni na wote wanaoipita, akaombea wagonjwa, akawataja kwa majina. Tuliposema amina mshumaa ulikuwa umekwisha kufa zamani, na niliangusha kasha la giza. Tangu siku hiyo tunaomba kwanza, kisha tunawasha kiberiti.

Mara ya sita ilikubali. Niliketi kitandani kwangu, nikatazama picha. Mwali umesimama, mrefu, wa njano, na ncha yake. Kamba inakatwa. Mwali unashuka ndani yake wenyewe, njano inazimika kama mtu amefunga pazia, na unabaki mviringo mdogo wa bulu juu ya utambi, unatetemeka kidogo, hadi kasha linapopiga godoro na kila kitu kinakuwa giza. Nilitazama mara kumi. Nilikuwa na furaha ya kazi iliyokubali, ile mtakayoijua, na chini ya furaha kulikuwa na hofu. Msichana yule alikuwa amesema kweli, na mimi nilikuwa nimemwita mwongo na kumfungia sayansi.

Hapo ndipo usingizi uliondoka. Nilijiuliza yuko wapi, kama anakula, kama ameolewa na mtu mbaya, kama alimaliza hata huo ushonaji. Kila taabu niliyoiwazia ilikuwa na sahihi yangu chini yake. Mke wangu alinivumilia, mwishowe akasema niende nikamtafute, maana yeye hakuolewa na bundi.

Saidi ndiye aliyempata. Aliuliza Beni kwa wauza vitambaa, watu anaojuana nao, na siku ya tatu akanipigia simu: kuna mama Katungu wa Kasugho, ana atelie ya kushona juu ya duka, si mbali na soko. Nikamwomba anipeleke. Saidi haingii njia ile kabla ya kuwasikiliza madereva wenzake juu ya usalama, kwa hiyo tulingoja siku mbili, kisha akaniambia ni shwari, tukaondoka asubuhi na kasha langu magotini.

Kwenye kizuizi kimoja askari aliangalia kasha, akauliza kwa Lingala kilichomo. Saidi akajibu kabla yangu kwamba ni mshumaa.

"Eza buji, chef. Mzee anaenda kuiangusha."

Askari alitazama tai yangu, akatazama kasha, akainua kamba ya kizuizi.

Beni ni chini kuliko kwetu na joto lake linakukumbusha umri wako. Nilipanda ngazi za atelie nikipumzika mara mbili. Ndani kulikuwa na mashine za kushona zikilia na wasichana wanne juu yake, sare za shule zimerundikana, na mwanamke mnene mwenye futi shingoni akikata kitambaa mezani bila kuchora mstari. Aliinua macho, akaniangalia, mkasi ukasimama.

"Prof," alisema. "Umesha kuzeeka."

"Na weye umekuwa mama."

"Karibu, ikala. Batoto, muletee Prof maji."

Sikuketi. Nilikuwa nimejiandaa hotuba njia nzima, nikaisahau yote. Nikamwambia kwamba ile karatasi yake, ile ya mshumaa, alikuwa amesema kweli, na mimi niliandika uongo juu ya kweli, na kwa sifuri ile alikosa sehemu aliyoiomba. Nikamwambia kwamba nimekuja kumwomba msamaha kwa kumharibia maisha. Wasichana wale walisikia yote na sikujali.

Katungu alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akacheka, si kwa ubaya, alicheka kama mtu aliyeletewa nguo ya mwanasesere aipime.

"Kuharibu maisha yangu? Prof, unajiona mukubwa. Maisha yangu ilipita kwa mikono ya batu mingi. Kuko baba yangu, kuko bwana yangu, kuko vita, kuko Mungu. Weye uko mumoja. Nililia, ni kweli. Nilikuchukia miaka mbili. Kisha nikapata mashine, nikapenda hesabu ya kukata, nikakuacha."

Ninyi vijana, sijui kama mnaweza kuelewa raha niliyoisikia. Nimeambiwa mbele ya watu kwamba mimi ni mtu mdogo, na mabega yangu yakashuka, na nikaketi.

"Mais kuko kintu kimoja," akasema, akivuta kiti karibu. "Ulikuwa na haki. Nilidanganyaka."

"Namna gani?"

"Mimi hapana ona ile moto. Hata siku moja. Kopo hapana anguka kwa shangazi."

Nikamtazama. Nilidhani ananitania. Akaniambia basi. Kwao Kasugho walichota maji kwenye chemchemi mlimani, na bidoni yao, dumu la plastiki, ilikuwa na tundu chini. Maji yakitoka, yalitoka kama kamba. Yeye alisimama juu ya ukingo, akamtupia mdogo wake bidoni chini ili wapokezane. Na kila mara aliona jambo lilelile: bidoni ikiwa mikononi, maji yanatoka, bidoni ikiwa hewani, maji hayatoki. Ikidakwa, yanatoka tena.

"Nikasema, kumbe kintu ikianguka, maji inasahau uzito yake. Na weye, Prof, ulifundisha kama moto inapanda sababu ya uzito ya hewa. Donc hewa nayo itasahau. Moto itaenda wapi? Itabakia tu, sawa yai."

"Juu ya nini hapana uliandika hivyo? Juu ya nini uliandika kama uliona?"

"Prof. Mutoto ya Kasugho, anaandika kama amefikiri? Bale ba Butembo bako na robine ya maji kwao, niende kubaambia bidoni yenye tundu? Nilisema kama niliona, juu macho batu banaamini. Akili yangu, nani angeamini?"

Nilikuwa nimekuja kusamehewa kwa kukataa ushuhuda, kumbe nilikuwa nimekataa kitu kikubwa zaidi, na nilikuwa sijajua hata kwamba kipo.

Yeye alikuwa ameshaliona kasha. Akauliza ni nini. Nilipomwambia, alisimama haraka kuliko unene wake.

"Yangu ile? Iko ndani?"

Wasichana waliacha mashine. Walishusha magunia ya vipande vya vitambaa, wakayarundika chini ya baraza la etaji hadi yakawa marefu kuliko magodoro yangu mawili. Saidi alisimama barabarani akiwazuia wenye pikipiki, akiwaeleza kwa heshima kwamba kuna fizikia. Tuliomba, kwa ufupi. Nikawasha, nikafunga kopo, nikafunga kasha, nikalining'iniza. Nilipotaka kukata kamba nikaona si haki, nikampa Katungu. Alitumia mkasi wake mwenyewe. Kamba ilikatika kwa sauti ndogo, kasha likazama ndani ya vitambaa.

Tulitazama juu ya meza ya kukatia, vichwa vyetu vimekaribiana. Mwali mrefu. Kamba. Njano ikaondoka, na lile yai la bulu likakaa juu ya utambi. Wasichana walipiga kelele. Katungu aliomba nirudishe, akatazama tena, akaomba tena. Mara ya nne alifuta macho kwa ncha ya futi.

"Nilikuwa na hofu," alisema polepole. "Miaka yote hii nilikuwa na hofu kama labda hapana iko vile."

Kisha akaweka simu chini, akanitazama usoni kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi.

"Prof, nikuulize. Kama kwa kasha yako moto ingebakia murefu, ungekuja?"

Wasichana walikuwa wamerudi kwenye mashine, lakini hakuna mashine iliyolia. Saidi alikuwa amefika mlangoni. Ningeweza kusema ndiyo, na wote wangeniamini, maana nina mvi na nina tai. Nikakumbuka nusu ile ya moyo iliyokuwa ikitamani amekosea.

"Hapana," nikamwambia. "Singekuja."

Akatikisa kichwa taratibu.

"Njo ile ndiyo iliniuma. Pointi, hapana. Hapana uliuliza nilijuaje."

"Sikuuliza," nikasema. "Hata kama ungekuwa umekosea, nilipaswa kuuliza. Hilo ndilo ninaloliombea msamaha, mama Katungu. Ule wa kwanza uuache."

Alikunja futi kwenye kidole. "Ile sasa ninaipokea," alisema. Akamgeukia msichana aliyekuwa karibu na mlango wa jikoni, akamwambia alete bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, Prof ametoka mbali.

Nilikula sahani mbili. Saidi anasema ilikuwa tatu, na kwamba njia nzima ya kurudi Butembo nilikoroma mdomo wazi, hata kizuizini askari aliuliza kama mzee yuko hai.